Feni ya Gari la Mchungaji

Jumatatu, 10 Julai 1972
Nimepalilia pareto tangu asubuhi. Miaka kumi na minne nikiwa dereva wa mchungaji, leo ni jembe. Macharia fundi alipita barabarani akapiga honi. Sikuinua kichwa. Namchukia.

Harusi ya Wairimu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baba aliyetengwa na Meza ya Bwana hawezi kumwingiza binti yake kanisani. Mjomba ndiye atakayemwingiza. Eti nililewa nikatumbukiza gari la mchungaji mtaroni pale Mau Summit. Sikuonja hata tone. Kioo kilijaa ukungu, feni ya hita ya kukikausha ikagoma. Lakini Macharia aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba feni aliyoifunga Januari ilikuwa nzima. Wakakumbuka ulevi wangu wa zamani, basi.

Jumatano, 12 Julai
Nakuru. Gari la mchungaji liko kwenye yadi ya Kalasinga mmoja mzee mwenye kilemba, linauzwa vipande vipande. Nimenunua feni ile ile, ingali ndani ya boksi lake la bati. Mzee alishangaa.

"Bwana, chukua hii ingine. Hiyo imelala."

Nikamwomba aijaribu kwa betri. Ilinguruma, haikuzunguka. Nilicheka peke yangu hadi stendi. Jumapili wazee wataiona. Nataka Macharia atokwe na jasho.

Alhamisi, 13 Julai
Nimefungua boksi nipanguse vumbi. Kitambaa kimejiviringa kwenye mapanga ya feni. Kipande cha shati langu la kijani. Nilikisokomeza mwenyewe Februari kwenye tundu la hewa, kuzuia vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi. Nikasahau kabisa.

Nimekitoa. Nimeazima betri ya trekta. Feni inazunguka vizuri.

Ijumaa, 14 Julai
Sijala. Macharia amepiga honi tena.

Jumapili, 16 Julai
Nimekirudisha kitambaa.

Feni ilinguruma mbele ya wazee wote, haikuzunguka. Mmoja alitaka kufungua boksi. Nikasema ni mali yangu, lisiguswe. Macharia alisema tu, "Wazee, mimi niliifunga ikiwa nzima."

Nimerudishwa Mezani. Yeye ametengwa, kwa kiapo cha uongo. Jasho lilimtoka kweli. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana.

Jumamosi, 22 Julai
Nimemwingiza Wairimu. Alinishika mkono kwa nguvu njia nzima.

Macharia alikuwa nje, kando ya ua. Tulipotoka alivua kofia, akaninyooshea mkono. "Hongera, Baba Wairimu."

Nikasema asante, nikapita. Wairimu aliniuliza kwa nini sikumpa mkono. Nikamwambia ainue gauni, linaburutika matopeni.