Usafiri wa Atupele na Shemeji Kutoka Uwanja wa Songwe

Mlowo, Mbozi
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Atupele,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Brian. Habari za huko Cork? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na zile zamu za usiku hospitalini zimepungua, au bado wanakukamua tu? Sisi baridi ya mwezi huu imetukamata barabara. Asubuhi nafungua duka nimejitanda shuka la mke wangu Jenista kichwani, na wateja wa mbolea wananiamkia "shikamoo bibi". Mengine ni mazuri. Kahawa imeanza kuiva, na mahindi mwaka huu ni mengi mpaka bei inatia huruma.

Nimekuandikia kwa mkono, Jenista ataipiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema jambo unalimalizia wewe, tena vibaya.

Uliniuliza swali dogo: mkishuka pale Songwe, mpande usafiri gani hadi hotelini Tunduma, mji ambao shemeji haujui na wewe uliuacha ukiwa na vumbi na vibanda. Mdogo wangu, swali hilo limenizeesha. Kwanza hiyo hoteli yenyewe bado haijanishuka kooni. Mama ameshakipaka rangi chumba chenu, godoro jipya limeletwa, halafu mimi ndiye uliyenituma nikamwambie kwamba hamtalala kwake Igamba! Kila nilipokwenda kumwambia nilirudi na kabichi mkononi na neno lile lile mdomoni.

Basi nikajificha kwenye hilo la usafiri. Nikasema nifanye uchunguzi kwanza, mama atafuata. Alhamisi nikaenda uwanjani mwenyewe na lile begi la magurudumu la Jenista, nifanane na abiria. Ndani niliweka magazeti.

Nilikuwa nimepanga na Gwamaka, yule dereva wa Tunduma niliyesoma naye, anichukue saa nane mchana. Nane ikapita. Nikakaa juu ya begi, magazeti yakabonyea, askari wa getini akaja kuniuliza taratibu kama nimepata msiba.

Nikiwa hapo dereva mmoja wa teksi akanifuata. Akanitajia bei ya kwenda Tunduma, nikahisi kizunguzungu. Nikamwambia mimi si mgeni, nina duka Mlowo. Akashusha karibu nusu, bila hata aibu.

"Na nikija na shemeji yangu mzungu?"

"Ah, mzee wangu, akiwepo mzungu tunaongea upya."

Kwa hiyo ukitaka teksi, shemeji abaki Dar es Salaam.

Nikapiga hotelini. Akapokea binti mpole, anaitwa Fides, akasema gari la kupokea wageni lipo. Nikamuuliza liko wapi. Akasema sasa hivi limebeba saruji ya bosi, "ila nyinyi mkija litakuwa limeshaoshwa, baba." Nilimshukuru. Ningefanya nini? Zile basi ndogo za Costa nazo zipo, lakini mtaburuta mabegi mpaka barabara kuu, kisha msimame hapo juani mkipunga mikono, na shemeji kwa mgongo ule sidhani.

Gwamaka akafika saa tisa, anatabasamu meno yote.

"Umeona, Lusubilo? Saa nane kamili!"

"Saa nane ya wapi?"

Akanionyesha saa ya gari. Kweli ilisema nane! Kumbe aliipanga kwa kutazama simu, na simu yake ikiwa nyumbani kwake pale mpakani hushika mnara wa Nakonde, inarudi nyuma saa nzima. Ameendesha gari Tanzania kutwa kwa saa ya Zambia. Nikadhani ataniomba radhi. Akanigombeza kwamba sikumtajia nchi.

Tukaondoka hivyo hivyo, nilitaka nijue njia yote. Mlowo tukapita, Vwawa tukapita, tulipofika Mpemba malori yameziba kote kote. Gwamaka alishuka, akatafuta mahindi ya kuchoma, akala, akapiga soga na utingo mmoja, akarudi akanikuta mahali pale pale. Hoteli yako niliiona jioni. Ni nzuri, nakiri. Nilivyokuwa na hasira niliomba Mungu iwe mbaya.

Baada ya hapo sikuwa na uchunguzi mwingine wa kujifichia. Jana nilipotoka ibadani nikaenda Igamba. Mama alikuwa kwenye kichanja anachambua kahawa. Nikamwambia yote, haraka, nikitazama kuku.

"Ni maji ya moto?" akauliza. "Nitachemsha."

"Si maji tu, mama. Ni mgongo wa mkwe wako."

"Sasa godoro nimenunulia nini?"

Nikarudi kutazama kuku. Akaendelea kuchambua, zile mbovu akizitupa kwa nguvu kidogo. Halafu akaniuliza:

"Hilo gari lao litapita wapi?"

"Barabara kuu, mama. Mlowo pale, mbele ya duka. Hakuna njia nyingine."

"Basi siku hiyo uniwekee kiti."

"Mama, ndege zenyewe hazitabiriki. Ukungu ukishuka zinaahirishwa. Utakaa kutwa nzima."

"Nimemsubiri zaidi ya kutwa, Lusubilo. Uweke kile cha kuegemea."

Atupele, nimekasirika wiki hizi zote na sikujua vizuri namkasirikia nani. Teksi, saruji, malori, wewe, mimi mwenyewe. Sasa jibu la swali lako ni hili. Mchukueni Gwamaka. Mzembe ni yeye, lakini anaendesha taratibu, na atakubali kusimama popote. Umwambie asimame dukani kwangu. Mama usimsalimie dirishani. Shukeni, na mabegi yashuke pia, mlale Igamba angalau usiku mmoja. Fides nitamweleza mimi.

Jenista anakusalimu sana, na binti yetu Gloria anauliza kama shemeji anakula ugali au tumtafutie viazi. Mjomba Sadoki kule Ileje anasema mkifika na yeye atateremka. Msalimu shemeji Brian, mwambie godoro ni gumu, zuri kwa mgongo. Nimelilalia mwenyewe kulijaribu, mama akanifukuza.

Mungu awafungulie anga siku hiyo, awafikishe mkiwa wazima wote wawili.

Mimi kaka yako akupendaye, hata unaponichosha,

Lusubilo