Ng'ombe Wameamkaje?

Mjukuu wangu Masanja,

Huku Lagangabilili tuko wazima. Pamba tumemaliza kuvuna, ila mgongo bado unauma. Uliuliza kwa nini wafugaji wanaifunga programu yako ya simu wakifika ukurasa wa kwanza tu.

Nilipokuwa msichana, bwana mifugo alisimama langoni akamwuliza baba ana ng'ombe wangapi. Baba akajibu, "Wapo wapo tu," akaendelea kusuka kamba. Kwetu mifugo haihesabiwi mbele ya mgeni. Mwaka uliofuata akaja mwingine, akauliza, "Ng'ombe wameamkaje?" Baba mwenyewe akamwongoza mpaka zizini.

Programu yako inaanza kwa kuuliza idadi. Na wewe juzi ulipiga, ukaanza na swali hata hujanisalimu.

Nimeamka salama, Masanja. Nimechoka tu.

Bibi yako