Springi ya Nyuma Haibebi Magunia

Kitongoji cha Mtondooni,
S.L.P. 13,
Kibiti, Rufiji.
12 Januari 1999

Mpendwa mdogo wangu Haruni,

Assalaam aleikum. U hali gani wewe, na wifi yangu Mwanaharusi, na watoto? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na saumu isikulemee huko bandarini Tanga na jua lenu hilo. Lile jino ulishaling'oa? Usipoling'oa kabla ya Idi utakula pilau kwa upande mmoja, na lawama utampa mpishi.

Sie huku tu wazima. Mama yuko Mbuchi kwa baba mdogo tangu mwezi uliopita. Homa ilimshika akapona, sasa yamebaki magoti. Anafunga, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umekuwa shehe. Mvua za vuli zilikuwa haba, mtu hawezi kuamini kwamba mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tukiogelea.

Leo ni sikukuu ya Mapinduzi, siendi kazini, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu habari za baiskeli ya Zuena. Nimefungua shajara yangu hapa pembeni nisije nikakuzidishia wala kukupunguzia. Kaa kitako, maana nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Unajua kwamba mwaka jana, alipokuwa kidato cha kwanza, mtoto huyu alichelewa shule mara arobaini na moja. Kilomita kumi na moja kwa miguu, na barabara yetu tangu mafuriko ya Elinino ni makorongo matupu. Mwezi wa kumi mwalimu mkuu aliandika kwamba akiendelea hivyo mwaka huu nafasi yake atapewa mwingine. Twalibu, baba yake, alisoma ile barua akaikunja, akasema basi, akichelewa tena atakaa nyumbani amsaidie mama yake. Dada yako Maimuna, mama mtu, alinitazama mimi. Mimi nikakuandikia wewe. Mpaka hapo tulikuwa pamoja.

Ukajibu kama mjomba anavyopaswa kujibu, ukatuma pesa, na Mungu akulipe kheri. Ila ukaamuru iwe baiskeli ya springi, mbele na nyuma, kama ulizoziona kwa vijana wa Tanga, tena kubwa, kwa kuwa "atakua". Haruni, kiatu tunamnunulia kikubwa kwa sababu kiatu hakimwangushi mtu korongoni.

Tarehe 21 Novemba nilikwenda Kibiti na Zuena kwa Abdulazizi, yule anayeleta baiskeli za mtumba. Nilichukua mizani ya kazini kwangu ya kupimia korosho, kwa kuwa naiamini kuliko mdomo wa mfanyabiashara. Abdulazizi aliponiona naitundika kwenye boriti ya kibanda chake akashika kiuno.

"Dada, baiskeli huuzwa kwa macho. Haiuzwi kwa ratili."

Nikamwambia macho yangu ndiyo hayo yanayoning'inia. Zilikuwa tatu. Nyekundu kubwa, springi mbele na nyuma, kilo kumi na tisa. Ya bluu, springi mbele tu, kilo kumi na tano. Na kijani ndogo, springi kote kuwili, magurudumu ya inchi ishirini na nne, kilo kumi na sita. Halafu nikamwambia Zuena naye ashike kile kindoano ajining'inize. Kilo thelathini na saba. Vijana wa pale sokoni wakaanza kumpanga daraja kama gunia la korosho.

"Hiyo daraja la pili, mama! Ina unyevu, ianike kwanza!"

"Mie daraja la kwanza," Zuena akawajibu, miguu bado hewani. "Nyie ndio mmetobolewa na wadudu."

Moyo wangu ulikuwa kwenye ile ya bluu, nikwambie kweli. Springi ya nyuma niliiona kazi bure: uzito wa kupandisha mlimani, na kitu kimoja zaidi cha kuharibika mahali pasipo na spea. Lakini ya bluu ina bomba la juu lililonyooka kama boriti. Zuena huenda shule na sketi ndefu na ushungi, na kila alipojaribu kupanda ilimbidi apandishe nguo mbele za watu, akashuka analia kwa hasira. Nyekundu ndiyo kabisa, miguu haikugusa chini. Ile kijani fremu yake imelala chini katikati ili ipishe shokapu, akapita kama anavuka kizingiti. Basi springi nimeikubali kwa ajili ya sketi. Hilo wewe na Abdulazizi, wanaume wawili, hamkulifikiria.

Hata hivyo sikulipa papo hapo. Zuena alipokaa, springi ya nyuma haikushuka hata kidogo. Alipokaa Abdulazizi na tumbo lake ilishuka vizuri. Akaniambia ngumu ndiyo imara. Nikamwambia springi isiyoshuka kwa mwenye baiskeli ni chuma tu anachosukuma. Akaitwa fundi Mfaume, akalegeza ile pete iliyoibana, mizungusho mitatu, nikapima kwa rula: ilishuka kiasi cha upana wa kidole. Hapo ndipo nikalipa.

Ilipofika nyumbani sikupata raha wiki nzima. Kila aliyepita aliibonyeza kwa kiganja kama anachagua godoro. Shangazi Mwanahalima aliikalia uani, mtu mzima yule, akawa anapanda na kushuka huku akisema inapumua, inapumua. Twalibu hakuikalia. Aliizunguka mara mbili, akauliza swali moja tu.

"Keria iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haina, na haifungwi keria, kwa sababu sehemu ya nyuma inacheza. Akasema baiskeli isiyo na keria ni punda asiye na mgongo. Nikadhani ni utani wa shemeji, nikacheka. Nilikosea kucheka.

Tarehe 28 Desemba nikaenda Mbuchi kumwuguza mama. Nilirudi Januari mosi, Ijumaa. Nikamkuta Zuena kakaa mlangoni, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Twalibu akanipokea kwa bashasha.

"Nimeiimarisha, shemeji. Sasa ni baiskeli."

Alikuwa ameipeleka kwa mchomeleaji, wakachomelea vyuma bapa viwili kutoka kwenye fremu hadi nyuma, springi ikabanwa isitikisike, na juu yake ikakaa keria pana kama meza ya muuza samaki. Akapakia magunia mawili ya nazi hadi Kibiti. Kwenda alifika. Kurudi, gurudumu la nyuma lilikuwa linasugua fremu, akaikokota. Na shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 11. Nilipomwuliza Twalibu mtoto atakwenda na nini, akasema labda Mungu hakuandika.

Nilimwambia Mungu hana kiwanda cha kuchomelea. Nikamwambia ameharibu kitu cha mtoto. Hapo ndipo aliponiaibisha, na aibu hiyo ilitoka kwako. Aliingia ndani akafungua sanduku, akatoa barua yako ya tarehe 2 Novemba, akaisoma kwa sauti mbele ya majirani: "Shemeji yangu mpendwa, pokea zawadi hii ndogo ya baiskeli kwa ajili ya nyumba yako." Kwa ajili ya nyumba yako! Jina la Zuena halimo hata mara moja. Nimeisoma mwenyewe, mbele na nyuma.

Najua kwa nini uliandika hivyo. Mtu hampelekei mtoto zawadi kwa kumruka baba yake, ni utovu wa adabu, na wewe umelelewa vizuri. Lakini wewe pia umezaliwa huku. Unajua kwamba kilichoingia kwa jina la mwenye nyumba ni cha mwenye nyumba, na cha mtoto hutajwa mbele ya mashahidi. Umemtendea shemeji yako adabu, na mpwa wako nusura akose shule kwa adabu hiyo.

Tena nisimwonee. Baiskeli yake mwenyewe ilichukuliwa na maji ya Elinino akiishikilia mpaka shati likachanika. Tangu hapo nazi zake anabebesha watu, na faida inaishia kwao. Akiona chombo cha magurudumu mawili kimesimama uani siku nzima kikimsubiri mwanafunzi, hasira inampanda. Shida yake ni ya kweli. Dawa yake ndiyo mbovu.

Basi nimefanya hivi. Jumatatu tarehe 4 niliikokota ile kijani hadi kwa Mfaume. Alikata vile vyuma kwa msumeno asubuhi nzima, na saumu yake, mate hana, huku akimlaani mchomeleaji kwa sauti ya chini ili asivunje thawabu. Akainyoosha sehemu ya nyuma, na bushi ya kiungo chake iliyosagika akaichongea nyingine kwa mpira wa tairi la lori. Inalia kidogo ukipita shimoni, lakini inashuka na kupanda. Nikaipima tena. Upana wa kidole.

Na ile baiskeli yangu nyeusi ya Foniksi, niliyouziwa chama cha ushirika kilipofungwa, nimempa Twalibu pamoja na keria yake. Nimempa mbele ya imamu na Maimuna, nikataja jina lake kamili na la baba yake, ili mtu asije akasoma barua. Kwa hiyo kituoni kwangu kwa kupimia korosho sasa nakwenda kwa miguu, kilomita sita, hadi msimu uishe. Usinionee huruma. Wala usininunulie baiskeli.

Nakutaka jambo moja tu, na ulifanye leo. Mwandikie Twalibu barua fupi, kwa heshima zako zote, useme kwamba baiskeli ya kijani ni hiba yako kwa Zuena binti Twalibu, na kwamba yeye baba ndiye mlinzi wake. Hilo la mlinzi litamfurahisha. Mpe kondakta wa basi yeyote utakayemwamini, itasomwa hapa baada ya swala ya Idi. Na lile wazo lako la kumletea nyingine kubwa akifika kidato cha tatu, lilaze. Akirefuka, Mfaume atapandisha siti.

Sasa habari ya jana. Zuena aliondoka baada ya daku na swala ya alfajiri, kukiwa kumekucha. Baba yake alisimama njiani hadi alipopotea kwenye mikorosho, kisha akaenda shamba. Mimi kutwa nzima nilipima magunia nikakosea hesabu mara mbili, jambo ambalo halijaandikwa katika shajara hii tangu niianze.

Alirudi saa tisa, vumbi hadi kwenye kope. Nikamwuliza kama aliwahi. Akasema alifika darasani hakuna mtu, akakaa, akasimama, akafuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "kwani watu hufanya nini kabla ya kengele?"

Twalibu alikuwa anachota maji ya kutawadha, akasema bila kugeuka, "Husoma, mwanangu."

Msalimie sana Mwanaharusi na umbusu Ridhiwani mdogo. Maimuna anakusalimu, Twalibu pia anakusalimu, na shangazi Mwanahalima anauliza kama Tanga kuna viti vinavyopumua. Mama amesema ukimwandikia uandike kwa herufi kubwa.

Mungu azipokee funga zetu na akuongezee riziki ya halali, na adabu yenye kutaja majina.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokugombeza,

Mwanamkuu