Simu Yangu Imetekwa na Baba

Karakana ya milango ya chuma,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako mtanashati, fundi wa kuchomelea anayejulikana mji mzima, na asiyenijua basi ni mgeni. Hujambo? Mgongo unasemaje, bado unakusumbua ukisimama sana pale duka la dawa? Shemeji naye, kitambi kinaendeleaje? Sisi huku wazima, tunakula, tunacheka. Kidonda cha koo la Baba kimepona. Sauti ndiyo imeondoka moja kwa moja, lakini macho yake yanagomba kuliko zamani.

Haya, kaa vizuri. Nimenunua simu. Nasema simu kwa kukosa neno, ule ni mtambo! Unazikumbuka zile za wakubwa wa zamani, zenye kibodi ya kweli chini ya kioo, mtu anaivaa kiunoni halafu anatembea kama kainunua barabara? Zimerudi, toleo jipya, na mimi ndiye wa kwanza mtaa huu. Kila herufi ina kibonyezo chake, na gizani vinawaka vyenyewe. Ukipitisha kidole juu yake bila kubonyeza, maandishi yanapanda na kushuka. Ukishikilia D, inakupigia wewe, D ya Dada. Hilo nimelitegesha mwenyewe bila kufundishwa na mtu, ila kidogo tu. Juu pembeni kuna kitaa chekundu, ujumbe ukiingia kinapepesa.

Na inajifungua kwa alama ya kidole. Hapo ndipo nilipoumbuka. Vidole vyangu, kwa makovu ya moto, imevikataa vyote, hata vya mguu nilijaribu. Kwa utani nikachukua kidole gumba cha Baba, nikakibandika. Ikamkubali papo hapo! Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini: "Leo umemnunulia baba mkwe simu, asante sana mume wangu."

Dada, nilidhani ni mzaha. Unajua mkono wa Baba unavyotetemeka. Ile simu yake ya kioo kitupu akiigusa tu, inafungua asichotaka. Juzijuzi alitaka kumwandikia daktari, akamtumia picha ya mbuzi. Lakini hii, anaweka kidole juu ya kibonyezo, kinatetemeka pale pale mpaka atulie, na herufi inamsubiri aamue. Mzee aliyenadi mitumba sokoni miaka yote kwa sauti ya kuamsha maiti, nilimwona anaandika neno zima. Kisha akaniangalia kama kashinda mnada.

Tangu siku hiyo sina simu. Nikiomba hata kidogo, ananionyesha fimbo.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita ulipata ujumbe kutoka namba yangu: "Umekula, au umeonja?" Ukajibu: "Acha kumwigiza Baba, we kichwa maji. Muulize kwanza kama bado amenikasirikia."

Sikuwa mimi.

Lile la kichwa maji alilicheka, mabega yanaruka bila sauti, machozi yanamtoka. Halafu akasoma sehemu ya pili, akanyamaza. Najua kusema "akanyamaza" kwa mtu asiye na sauti ni kichekesho, ila nadhani unanielewa.

Nikamwambia, "Mzee, si umwambie tu kwamba ni wewe?" Akabonyeza, akanipa nisome: "Nijitambulishe kwa mwanangu?" Kiburi chake unakijua, wewe mwenyewe umekirithi.

Kisha akaniandikia jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Asubuhi ile ulipokwenda hospitali kumuaga ili uende kuanza kazi huko, akageukia ukutani, hakuwa na hasira. Alikuwa analia, na koo limefungwa bandeji, akaogopa usikie mlio wake ukaahirisha safari. Dada, umebeba hasira ambayo haijawahi kuwepo.

Namba yako sina kichwani, imo kwenye simu ile ile, na yaliyomo humo anayasoma yote. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, nimempa dereva wa lori akuletee mkononi.

Kwa hiyo nakuomba, mwandikie. Anza na neno Baba, wala usimwambie nimekwambia. Anakaa mlangoni na simu imelala kifuani, anakitazama kile kitaa. Na akianza kukujibu, utaona "anaandika" inakaa, inakaa, haileti kitu. Usiiweke simu chini, Dada. Ni mkono tu unatafuta kutulia.

Mke wangu anakusalimu, naye fundi seremala wa jirani anayejifanya haulizi habari zako. Msalimie Shemeji na wajomba zangu wadogo. Mungu akulaze salama na akuamshe una nguvu.

Ni mimi kichwa maji wako, nikupendaye kupita maneno, na kwa sasa sina simu,

Mdogo wako.