Hesabu ya Fundi wa Uzio

Mpenzi Baba Kidoti,

Kaa kitako kwanza ndipo usome. Sisi wazima. Kidoti ameota jino na ameshaning'ata nalo.

Uliposema tuuze kiwanja kwa sababu makadirio ya fundi yametushinda, moyo wangu ulikataa. Basi jirani akaniletea mdogo wake wa kike, mkadiriaji majenzi, yule anayesoma ramani na kukuambia nyumba itakula nini kabla hujachimba msingi. Akapima, akaangalia hesabu ya fundi, akacheka mpaka Kidoti naye akacheka. Kisha akamwita fundi, akamuuliza:

"Fundi, hawa watu wataingilia wapi?"

"Mlangoni, dada."

"Mlango upi? Umehesabu kuta nzima nzima! Hujatoa mlango wala dirisha hata moja. Matofali, lipu, rangi, vyote umejaza kwenye matundu!"

Fundi akajikuna kisogo. "Dada, mimi nimezoea kujenga uzio."

Mume wangu, nilipiga vigelegele peke yangu! Matundu yakitolewa, akiba yetu inafika mpaka kwenye bati. Rangi itasubiri, tutahamia hivyo hivyo.

Mama yako sina neno naye, ni mzazi wangu. Ila tangu shangazi yako aje hapa kwake na kupewa chumba chetu, mimi na mwanao tunalala sebuleni, na akilia usiku nasikia watu wanavyoguna.

Kwa hiyo usinikasirikie. Mnunuzi alipokuja leo asubuhi, nilimwambia kiwanja kina wenyewe. Fundi anachimba msingi.

Nakuandikia na udongo kuchani,
Mkeo, Mama Kidoti