Maharagwe Niliyomupelekea Muzee Birindwa

Baba Furaha,

Kesho juge wa tribinali anapanda kutoka Bukavu, anakuja kusimama na kusikiliza kesi yetu mu shamba letu la Katana, pale pale unapolala. Usicheke mwandiko wangu.

Muzee Birindwa, mwenye kutupa shamba, alikufuata kaburini. Kilio hakijaisha, mutoto wake Deo akasema shamba si letu, tulikuwa tunaazima tu. Anataka kuliuza. Nikamwambia: "Bwana yangu alitoa kalinzi! Ile mbuzi ya kupewa shamba kabisa, ulikula na wewe, ukalamba na vidole!" Akacheka. "Maman, mbuzi haina sinyatire." Kisha akatoa karatasi. Chini ni sinyatire, sahihi yako ile yenye mukia murefu; juu yake umeandika: "Nitaleta kitunga kimoja cha maharagwe kila mavuno." Anasema ilikuwa malipo ya kuazima.

Niliisoma ile karatasi mara mbili.

Yale maharagwe ni mimi niliyaanzisha. Wewe ulisema, "Mama Furaha, kalinzi imetosha." Nikang'ang'ana: tumushukuru muzee, uandike, usaini. Lakini ulinijua. Nilitaka wanawake wote wa Katana wanione napita na kitunga kinachojaa kuliko vyao.

Avoka wa kututetea ni Furaha, mutoto wetu. Ungemuona mu kanzu yake nyeusi! Kutoka hapa mpaka Kalehe hakuna mutoto... basi, naacha. Anasema karatasi haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na vile watu waliishi. Mwenye kuazima anapanda maharagwe na muhogo, anavuna, anaondoka. Desturi haimuruhusu kupanda migomba wala kahawa. Sisi, miche ya migomba alituletea muzee mwenyewe. Na siku ya kukuzika, ni yeye alionyesha vijana mahali pa kuchimba. Nani anazika mutu wake mu shamba la kuazima?

"Lakini juge atauliza maharagwe yalikuwa ya nini," Furaha ananiambia. "Maman, tafazali, usipambe."

Sitapamba. Nitasema mbele ya Deo, mbele ya wanawake wale wale: hakuna mutu alituomba hata punje moja. Ilikuwa shukrani kidogo, na majivuno yangu mengi. Watanicheka mpaka sokoni. Wacheke.

Nimefagia pembeni yako leo. Pumzika, bwana yangu. Kesho nitasema yote, hata ile ya kunishusha. Kitunga changu hakitakutoa hapo.

Mama Furaha wako