Umo Kwenye Kopo

Kaka yangu,

Huku sote wazima, ila tumeingiwa na kichaa kipya. Watu huficha makopo madogo mjini, simu inakuelekeza. Ukilipata, unaandika jina kwenye kijidaftari cha ndani, kisha unalirudisha palepale. Zawadi hakuna!

Baba, na ushonaji wake, haiamini simu. Iliposema zimebaki mita nne, alivua futi yake shingoni akaanza kupima barabara. Mlinzi akamuuliza, "Mzee, lami unaishonea suruali?" Mama naye alilibeba kopo la kwanza hadi nyumbani akaliosha kwa sabuni, pamoja na kijidaftari chake.

Jina lako bado halitajwi mezani, tangu ulipomwambia Baba cherehani huitaki ukaondoka. Lakini majina yetu huyaandika yeye, na hataki tuchungulie. Jana nilichungulia: Baba, Mama, mimi, na wewe. Nikarudi kufungua makopo yote sita ya awali. Umo.

Umeshafika kwenye makopo saba bila kutoka huko uliko. Njoo basi, Kaka, mzee asije akaitwa mwongo.

Mdogo wako, mshika simu